Bisi za Mama Zisizo na Chumvi

Kwa Mama, Mlalo,
Lushoto.
15 Julai 2024

Mpendwa dada Evelina,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Valentino na watoto wote hamjambo, na joto la Mwanza bado halijawayeyusha. Sisi huku tu wazima wa kutetemeka. Ukungu hauondoki mpaka karibu na mchana, na mwanangu Rubeni analala na soksi. Baridi ya mwaka huu haina adabu.

Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tunaishia kukasirikiana. Jambo ni lile lile la Mama. Ulisema presha yake isiposhuka utakuja mwezi wa nane umchukue akakae kwako. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali, dada. Niliogopa tu.

Niliogopa kwa sababu ulikuwa na haki. Tangu daktari amkataze chumvi, Mama alikuwa hali chakula. Makande anayageuzageuza na kijiko, kisha anasukuma sahani. Siku moja nikamkuta nyuma ya nyumba anakula bisi, na kwenye pindo la kitenge amefunga chumvi. Mama yetu, mzee wa kanisa mzima, anajificha kama mtoto aliyedokoa sukari! Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia.

Nikasema, kama ni bisi anazotaka, basi tumtengenezee bisi. Nikachukua mahindi ya bisi yaliyoning'inia juu ya jiko, tunavyozoea kuhifadhi mbegu, nikayatia sufuriani na kijiko cha mafuta ya alizeti. Yakaungua bila kupasuka, nyumba nzima ikanuka. Moshi ulikuwa umeyakausha kupita kiasi. Mama, akiwa kitini kwake, akasema, "Wayaonea bure hayo mahindi, mwanangu. Yanyweshe maji kidogo." Nikayanyunyizia, nikayafunga kwenye chupa, nikawa nayatikisa kila nikipita. Baada ya siku chache yalipasuka vizuri, meupe, nusura yainue mfuniko.

Ladha ndiyo ilinitoa jasho. Nilizikamulia limau, zikanywea zikawa kama pamba iliyolowa. Hapo Mama akainuka kitini, akaniondoa jikoni. Akamenya maganda ya limau, akayaanika juu ya jiko, na yalipokauka akayatwanga pamoja na tangawizi kavu na pilipili manga. Bisi zikiwa bado za moto akazipaka mafuta kidogo sana, akanyunyiza ule unga, akatikisa sufuria. Akaonja. Akasema neno moja tu la Kishambaa, "Vedi," yaani nzuri, akamaliza bakuli zima. Jioni akanyunyiza unga huo huo kwenye makande, akala. Nawe ukizipika, zifunge upesi kwenye kopo, ingawa huko kwenu hamna ukungu wa kuzilainisha.

Jana alipeleka kopo kanisani kwa ajili ya mnada wa baada ya ibada. Unaujua mnada wetu, miwa, mayai na kuku waliofungwa miguu. Mwalimu Silvano na mama mchungaji wakaligombea kopo la Mama kama wanagombea ng'ombe wa maziwa. Mama amesimama pembeni, mgongo umenyooka, anamweleza kila anayepita kwamba humo hamna hata punje ya chumvi. Dada, nilikuwa sijamwona hivyo tangu Baba afariki.

Leo asubuhi tumekwenda zahanati kupima. Presha imeshuka. Haijafika anapotaka daktari, sikudanganyi, na dawa anaendelea kumeza. Lakini imeshuka, na mashavu yameanza kurudi.

Kwa hiyo nakuomba, njoo mwezi wa nane kama ulivyopanga, ila usije kumchukua. Mama yuko hapa mezani nami, na nimemwuliza nikuambie nini. Amesema, "Mwambie nina hamu naye sana. Huko kwake nitapikiwa. Hapa napika."

Msalimie sana shemeji, na Glory mwambie bibi yake anamtaja kila siku. Rubeni anawasalimu nyote. Mungu awalinde, awafikishe kwetu salama.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tukigombana,
Janeth