Watoto Waliobaki Nyumbani

Mama mdogo Apendi,

Huku Masinya mvua imeanza na maharage yanachipua. Nasikia bado unajilaumu juu ya kifo cha mjukuu wako Opendi, kwa kuwa hukumpeleka kwenye kikundi cha uji, ambako akina mama waliwalisha watoto wagonjwa, na utafiti wetu ulisema watoto wa kikundi hicho walipona zaidi kuliko wengine.

Tulilinganisha akina mama waliofanana umri, shamba na elimu. Juzi nikapima kama jambo moja dogo ambalo hatukuliuliza lingeweza kuangusha matokeo hayo. Lingeweza. Nikamwendea Nasirumbi, aliyefiwa kama wewe, nikamuuliza mbona hakuja kikundini.

“Mtoto alikuwa ameshazidiwa,” alisema. “Ningembebaje?”

Hilo ndilo hatukuliuliza: inaelekea waliobaki nyumbani ndio waliokuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo, kama Opendi. Huenda uji haungemwokoa. Hukumuua, mama. Najua hilo halimrudishi.

Mwanao akupendaye,
Joanita