Lenzi ya Hamsini kwa Nyanya Yako

Mwanangu Akinyi,

Salamu kutoka Gesima. Mvua imekatika na majani chai yananukia mpaka jikoni.

Zile lenzi mbili za kamera ulizoazima nikujaribie kabla hujanunua moja, jibu ninalo. Ya milimita thelathini na tano ilichukua boma lote, migomba na ng'ombe, ila uso wa nyanya yako ulitoka mdogo kama punje ya mahindi. Nikasogea. Mama mkwe akainua mkono.

"Baba Akinyi, simama hapo hapo. Mkwe hasogelei mama mkwe, hata akiwa na kamera."

Nikasimama, nikafunga kwenye kamera ya hamsini, ile inayovuta karibu. Sasa uso ulijaa, na migomba nyuma yake ikawa ukungu wa kijani.

"Umeniogopa?" akauliza, akacheka. Nikabofya.

Unajua hatuna picha hata moja ya marehemu mama yako akicheka, maana alifunika mdomo kwa leso kila mara. Sasa tunayo ya mama yake: mwanya ule ule wa mama yako, na shavu lile lile linalobonyea upande mmoja.

Chagua ya hamsini. Nyingine mrudishie mwenyewe.

Kula vizuri, mwanangu. Nakuletea ndizi, na kicheko cha mama yako.

Baba