Krimu za Posto na Mafuta ya Bi Atija

Jumatatu, 6 Machi 1978. Mucojo.
Nimepima watoto kumi na tisa. Vidole vyangu vinawasha tena, ngozi imepasuka. Nimepaka krimu ya posto, zahanati yetu hii. Mkunga kutwa ni kunawa tu, ngozi gani isichoke.

Alhamisi, 9 Machi
Mbaya zaidi. Malengelenge mpaka viganjani. Nimefungua krimu nyingine, ya msaada, maandishi yake siyajui. Ndugu administrador, mkuu wetu wa serikali, kaniuliza mbele za watu kama ni ukoma. Hasira haijanitoka.

Jumapili, 12 Machi
Krimu ya pili imeniunguza kuliko ya kwanza. Nimejaribu ya tatu, vilevile.
Zaina, mimba yake ya kwanza, mwezi wa tisa huu, kaacha kuja kliniki. Nimemfuata kwao. Mama yake, Bi Atija, kasimama mlangoni.
"Mikono hiyo, mwanangu, haitampokea mjukuu wangu."
Kasema kwa upole. Ndio ulioniuma. Zaina ni mfupi, nyonga nyembamba. Mtoto akikwama, ndani humo nani atamwona? Naogopa.

Jumatano, 15 Machi
Daktari wa mkoa kapita. Kanibandika vipande vinne vya plasta mgongoni, ajue kinachoniunguza: krimu zote tatu, na mafuta mazito ya kopo. Nisilowanishe mgongo siku mbili. Na joto hili.

Ijumaa, 17 Machi
Kabandua. Krimu zote tatu zimeacha vipele. Mafuta, hakuna kitu.
Kanieleza. Krimu ina maji, na chenye maji huvunda, kwa hiyo hutiwa dawa ya kuzuia kuvunda. Dawa hizo zina majina mbalimbali, ukoo mmoja. Mwili ukimkataa mmoja, huwakataa na nduguze. Si ukoma, haiambukizi. Kaniandikia karatasi yenye muhuri.
Nipake kisicho na maji. Kopo la mafuta la posto limekwisha, limebaki kutu tu. Basi tumia ya nazi, kasema.
Nimecheka peke yangu. Mwaka jana, mkutano wa akina mama, nilimkemea Bi Atija hadharani kwa kuwapaka wajukuu mafuta ya nazi. Mambo ya kale, nilisema, njooni mchukue krimu. Nikapigiwa makofi. Na wangapi waliwashwa nikawaambia wavumilie? Naona aibu.

Jumamosi, 18 Machi
Nimekwenda na chupa tupu. Karatasi hakuitazama. Nimemwomba radhi kwanza, mafuta baadaye.
"Kumbe mambo ya kale nayo yana kazi."
Kanijazia chupa mpaka shingoni. Habari ya Zaina hakuigusa.

Jumapili, 2 Aprili
Ngozi imefunga tangu juzi.
Jana asubuhi Bi Atija kaja posto mwenyewe. Zaina ana uchungu tangu juzi, mtoto hashuki. Mlangoni kwao kaishika mikono yangu, kaigeuza, kaitazama, kisha kanipisha niingie. Ilikuwa kazi ngumu hadi adhuhuri. Mtoto wa kike. Zaina mzima.
Leo nimekwenda kuwatazama. Nimenawa. Bi Atija kanikalisha mkekani, kanipaka mafuta kidole kimoja kimoja. Alipomaliza kaniwekea mtoto mapajani, na chupa kando, nimpake na yeye.