Wachira Hataapa

Muriuki, mwana wa mama,

Nimetoka kwa Wachira. Ndiyo, Wachira yuleyule wa jirani. Nimekaa kwake huko Wales, kwenye nyumba uliyolala wewe mara ya mwisho, na usiniulize nilifuata nini maana unanijua. Nilienda kumshika. Nilipanda ndege nikiwa na maswali mengi kuliko nguo.

Ulizoea kunicheka kwamba siamini hata kuku akitaga mbele yangu. Nitafanyaje na kazi yenyewe ni kupima maziwa ya watu pale Kiganjo? Wanakuja asubuhi na mitungi yao, wananiuliza habari za mama, na bado lazima nitumbukize kile kipimo cha kioo nione kama wametia maji. Anayenisalimia kwa furaha zaidi ndiye ninayempima mara mbili. Sasa mtu kama huyo anapigiwa simu, anaambiwa kaka yake aliyekwenda likizo kumtembelea rafiki amekufa maji akitembea peke yake kando ya bahari. Peke yake. Wewe, ambaye hata kwenda kwa kinyozi ulitaka mtu wa kukusindikiza.

Niliyashika maneno hayo mawili na sikuyaachilia.

Wachira alinieleza mimi tu kwenye simu, siku ileile, kwamba alikuonya usishuke mchangani. Alipokuja na jeneza mpaka nyumbani Gatitu, wazee wakamwuliza mbele ya mama kama alikuonya, akainamisha kichwa akasema hakumbuki. Maziwa hayawezi kuwa safi asubuhi yakawa na maji saa nne. Halafu akatoa viatu vyako kwenye begi. Vilikuwa vimeoshwa, kamba zimefuliwa mpaka zikawa nyeupe. Nilimtazama sana siku hiyo. Kwetu vitu vya marehemu watu wanaviogopa, huyu amekaa chini akaviosha. Nikasema moyoni, hapa kuna kitu kimefutwa.

Basi tukaanza uadui, na ukitaka kujua nani alianza, ni mimi. Mama Wachira alileta uji siku zote za matanga, na kila jioni sufuria yake ilirudi kwake ikiwa imejaa. Unajua maana yake. Mtu ukikataa chakula cha nyumba fulani wakati wa msiba, huna haja ya kusema lingine. Mama yetu na mama yake, waliopitishiana makaa ya moto juu ya ua tangu hatujazaliwa, wakaacha kusalimiana. Mama Wachira akaanza kwenda dukani kwa njia ya nyuma.

Baba mdogo Ngatia, ambaye tangu baba atutoke amekuwa mkubwa wa kila neno, akamaliza mambo: "Huyo kijana ako na kitu anaficha. Akuje hapa apige thenge." Mimi na wewe thenge tuliisikia tu kwa guka, babu yetu: beberu anavunjwa mifupa kwa jiwe huku mtu akiapa, kama nadanganya nivunjike hivi, mimi na watu wa nyumba yangu. Nilidhani mambo hayo yalizikwa na guka. Kumbe yalikuwa yanangoja kazi. Wazee walisema Wachira akikataa, mbari yetu na yao hazitazikana wala kuoana tena.

Nilimpigia simu nikamwambia. Akasema, "Nyawira, mimi siwezi kuapa."

Hapo mimi nilikuwa nimemaliza. Mtu asiye na hatia anaogopa mbuzi kwa nini? Aliponitumia mwaliko, ati niende nijionee mwenyewe, nikaona hata huo ni ujanja. Lakini nilienda.

Nikwambie nilivyokaa kwake, ucheke kidogo. Mlango wa chumba niliuegemezea kiti. Chakula nilikuwa nasubiri aonje yeye kwanza. Aliligundua hilo siku ya kwanza, na tangu hapo akawa anajipakulia, anakula vijiko kadhaa bila kuniangalia, ndipo ananisogezea sufuria. Nami hilo nikaliandika upande wa hatia yake, kwamba mtu aliyezoea kushukiwa ana sababu.

Kazi yake ni kulea wazee kwenye nyumba ya wazee, na asubuhi moja alipokuwa akivaa sare yake ya kazi nilimwambia leo nitatembea pale alipopita Muriuki. Aliacha kufunga vifungo. "Tembea tu huku juu, kwa path. Usishuke kwa mchanga, Nyawira. Maji inarudi." Akasema tena akiwa mlangoni. Nikajibu sawa, na kichwani nikasema, ahaa. Kumbe kule chini ndiko kuna kitu asichotaka nione.

Nilitembea peke yangu kama ulivyotembea. Njia inapita juu ya majabali, upande mmoja malisho ya kondoo, upande wa pili unashuka moja kwa moja hadi chini. Upepo wa huko unaingia mpaka kwenye meno. Kondoo wamepakwa rangi mgongoni, na nilitaka sana kukuuliza kama nawe uliwaona. Nililia kidogo. Hakukuwa na mtu wa kunizuia.

Kisha nikafika kwenye ngazi za kushukia. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, ungedhani imehama. Mchanga ulikuwa mgumu, unatembeleka kuliko barabara yetu ya Gatitu mvua ikinyesha. Kulikuwa na kibao chenye saa zimeandikwa. Nilikipita, nikadhani ni cha watu wa mashua. Nikafanya ulichonifundisha tulipokuwa tukivuka mto Chania kwenda kutafuta kuni. Angalia mlima kwanza, halafu mto. Mlima ukiwa wazi, maji yatakaa hapohapo yalipo. Niliangalia juu. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Nikashuka.

Nilizunguka kona moja ya mwamba mpaka mahali walipokukuta. Sijui nilitarajia nini. Alama ya mtu kuburutwa, baada ya miezi yote hiyo? Kulikuwa na mawe, majani ya baharini, na chupa ya plastiki. Nilikaa nikazungumza na wewe, nikakueleza habari za mama, nikakuahidi kwamba nitampata aliyekufanyia hivi. Nilikaa sana.

Nilipogeuka kurudi, kona haikuwapo.

Muriuki, mto ukija unausikia. Unanguruma kutoka juu, unaleta tope na matawi, unakupa nafasi ya kukimbia. Haya maji yalikuja kimya, masafi, kutoka mbele. Na unajua nilifanya nini? Niliangalia juu tena kutafuta mvua. Maji yakiwa tayari kwenye viatu, mimi bado naangalia juu nitafute wingu, kwa sababu kwetu maji hayapandi bila mvua. Shuleni tuliimbishwa kujaa na kupwa, tukajibu mtihani, tukasahau. Nikakuona. Nikakuona umesimama palepale, umetazama mbingu safi, ukijiambia bado kuna nafasi.

Nilipita ile kona maji yakiwa kiunoni, nimeng'ang'ania mwamba mpaka kucha zikavunjika. Upande wa pili, chini ya ngazi, Wachira alikuwa amesimama ndani ya maji na sare yake ya kazi. Aliwaacha wazee wake mezani akaja, maana alinijua. Alijua ningeshuka kwa sababu yeye ndiye aliyenikataza. Alinishika mkono, akanivuta hadi kwenye ngazi, tukakaa tunatetemeka wote wawili. Alisema tu: "Hata wewe?"

Baadaye, nikiwa nimefunikwa blanketi lake, ndipo aliponiambia. Siku yako alikuwa amepata zamu asiyoitarajia, akakuonyesha njia, akakuambia maji yanarudi. Ulicheka. Ulimwambia umevuka Chania ikiwa imejaa, hii itakufanya nini. Huo ni mdomo wako, Muriuki, hakuna mtu angeweza kuutunga. Na mbele ya wazee alisema hakumbuki kwa sababu mama alikuwa ameketi pale, na hakutaka mama asikie kwamba mtoto wake alionywa akacheka. Alikubali aitwe mwongo kuliko wewe uitwe mkaidi. Viatu aliviosha kwa sababu vilikuwa vimejaa mchanga, na aliona vibaya mama aukute mchanga huo.

Nikamwuliza kwa nini basi hawezi kuapa. Akasema, "Wataniambia niape sikuhusika. Na ni mimi nilimwonyesha hiyo ngazi." Hakuwa anamwogopa huyo mbuzi hata kidogo. Alikuwa anakiamini kiapo chenyewe, na angesimama mbele ya mbuzi akashindwa kufungua mdomo, nasi tungerudi nyumbani tukisema tumemkamata.

Jana tulikaa na wazee. Niliwaambia nimeona mahali, nimeingia katika maji yaleyale, na Wachira hana hatia. Baba mdogo akasema maneno ya mwanamke si kiapo. Nikamwambia sawa, kama mnataka kiapo, leteni huyo beberu nimpige mimi, niape kwamba Wachira hakukuua, na nikidanganya nivunjike mimi na watu wa nyumba yangu. Nikawatazama mmoja mmoja, maana watu wa nyumba yangu ni wao. Baba mdogo akasema wanawake hawapigi thenge. Nikamwambia basi apige yeye, aape kwamba Wachira alikuua, kwa kuwa ana hakika. Alitafuta miwani yake mfukoni. Ilikuwa usoni. Hakuna mzee aliyesema tena neno la thenge, wakaombea chai, wakaondoka.

Nilidhani mama angefurahi. Alibaki ameketi akikunja na kukunjua leso, kisha akaniuliza, "Sasa mimi nitamkasirikia nani?"

Hilo ndilo nililotaka kukuandikia. Nilipokuwa namshuku Wachira, ulikuwa bado una kesi. Kila asubuhi niliamka na kazi ya kukufanyia. Kulikuwa na mtu aliyekuchukua, na aliyechukua kitu anaweza kulazimishwa kusema kiko wapi. Sasa hakuna aliyekuchukua. Umekufa tu. Ulizikwa mwaka jana, lakini mimi matanga yako nimeyaanza jana, mama akiwa pale kwenye kiti na leso yake.

Nimekukasirikia pia, usidhani nimekusamehe haraka. Ungemsikiliza. Lakini nami niliambiwa mara mbili asubuhi ileile, sikusikia, kwa hiyo tuachane na hayo.

Leo nilimsimulia mama habari za bahari yote, ngazi, mbingu safi, maji yanayokuja bila mvua. Aliuliza kama Wachira alikuonya. Nikamwambia hakupata nafasi, mama, aliitwa kazini ghafla. Aliitikia kwa kichwa, akaniomba nimsindikize kwa Mama Wachira kesho baada ya kukamua.

Pumzika, mwana wa mama. Nitamtunza. Na ile ya kwamba ulionywa ukacheka, tunaijua mimi na Wachira peke yetu, na itakufa nasi.

Dada yako,
Nyawira