Wanasema Nimepona, na Bado Sisikii Kitu

Kwako Mama Eunice, mshauri wetu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, neno likitoka vibaya unisamehe, lakini nikinyamaza tena nitapasuka. Naitwa Ndulu, naishi Kitengela, niko na miaka arobaini na moja, mume wangu ni Maundu na tuko na binti mmoja, Celine, yuko shule ya bweni. Mimi sisikii. Sikuzaliwa hivi. Mwaka huu mvua ya Aprili ilipoanza nilishikwa na homa ya uti wa mgongo, nikalazwa, siku nyingi za hapo sizikumbuki, na nilipopata fahamu niliona muuguzi anachezesha mdomo na hakuna kitu kinatoka, nikamwambia aongeze sauti, ndipo nikashtuka kwa sababu hata hiyo sauti yangu mwenyewe sikuisikia.

Nilikuwa kaunta kwa duka la vifaa vya ujenzi, mtu akiitisha misumari ya inchi nne nampimia nikiendelea na stori, lakini baada ya ugonjwa nikawekwa nyuma kupanga mabomba. Mwenzangu kazini, msichana wa Mashuuru anaitwa Resian, ndiye alijifunza kusimama mbele yangu na kuongea polepole nisome midomo, na nisiposhika anaandika kwa simu. Ni yeye alinipeleka hospitali kubwa Nairobi. Vile vifaa vya kuvaa sikioni nilijaribu na havikunisaidia, ndipo daktari akasema kilichobaki ni upasuaji, waya nyembamba inaingizwa ndani kabisa ya sikio na nje navaa mashine ndogo inayoipelekea sauti. Lakini picha ya kichwa imeonyesha ile homa imefanya sikio la ndani lianze kugeuka mfupa, na likijifunga waya haitapata pahali pa kupita. Ndiyo maana hataki tukawie. Pesa imepatikana, hiyo si shida ninayoleta kwako. Nimedungwa sindano za kuzuia nimonia na za kuzuia hiyo homa isirudi, na nimepewa tarehe, ni Jumatatu baada ya hii inayokuja.

Shida ilianza Kajiado. Kanisa letu lilikuwa na mkutano wa injili huko mjini, na Maundu ni shemasi kwa hivyo tulikaa mbele. Pasta Githongo akaniita jukwaani kwa mkono. Nilienda kwa furaha, mimi naamini maombi. Akaniwekea mkono kichwani, akaomba, halafu akaniuliza kitu. Mama Eunice, maikrofoni ilikuwa imefunika mdomo wote, ningesoma nini hapo? Nikahisi spika zinatetemesha mbao chini ya miguu, nikaona uwanja mzima umenyoosha shingo unaningoja, nikafanya kile nafanya siku nzima watu wakiniongelesha na nimechoka kuwaambia warudie: nikatabasamu, nikatingisha kichwa. Watu wakaruka. Akina mama wakaanza kulia, Maundu akapiga magoti, na mimi nikapiga makofi pia, sijui ninapigia nini.

Kesho yake Resian akanionyesha video. Pasta alikuwa ameniuliza, “Mama, sasa unasikia?” Na wameandika juu kwa herufi kubwa kwamba bubu na kiziwi ameponywa Kajiado. Sijawahi kuwa bubu hata siku moja. Bosi naye ameiona, akanirudisha kaunta, na nilipomkumbusha ruhusa ya hospitali aliniuliza hospitali ya nini tena, na mteja akirudia mara ya tatu na sijashika, bosi ananiambia niache kiburi.

Nilimwambia Maundu twende tukaseme ukweli. Akasema, “Mama Celine, muujiza huja pole pole. Ukiupokea, utasikia.” Nikamuuliza, “Wewe mwenyewe unaamini nasikia?” Akaangalia kando. Na anajua. Nikiwa jikoni na anataka kuniita, bado anazima taa na kuwasha. Kuna mtu huita mtu anayesikia kwa swichi?

Tukaenda kwa ofisi ya pasta, mimi, Maundu, na Resian wa kuniandikia. Pasta akasema, “Usikiri ugonjwa. Kuna watu wameokoka kwa sababu yako. Ukienda kupasuliwa, hao nitawaambia nini? Ngoja mwaka mmoja.” Resian akamuuliza, “Na mfupa, pasta, huo pia utangoja mwaka?” Akaambiwa atoke nje, haya ni mambo ya washirika. Basi nikabaki katikati ya wanaume wawili wakiongea juu ya kichwa changu, na hakuna aliyenigeukia. Tulipotoka Maundu akaniambia, “Tumekubaliana tungoje.” Tumekubaliana nani?

Sasa anasema nikienda, yeye hatakanyaga huko, na akiondolewa ushemasi ni mimi nimemwondoa. Nimefikiria kumdanganya kwamba naenda kwa dada yangu Machakos, nifanyiwe upasuaji kisiri. Niende hivyo? Au ningoje niokoe ndoa? Na je, nikienda namkosea Mungu? Nisaidie, mimi nimechoka.

Ndulu, Kitengela

*

Ndulu,

Nilikujibu kwa ujumbe siku ile ile, kwa sababu mfupa haungoji gazeti litoke. Nayarudia hapa kwa ruhusa yako, maana najua kuna wengine wanaomba ruhusa ya kutibiwa kwa watu wasiougua.

Pole, mama. Na hasira uliyo nayo, ninayo pia. Watu wazima wawili wamekaa na mgonjwa katikati yao, wakamfukuza mtu pekee aliyekuwa akimwandikia, kisha wakapitisha uamuzi juu ya sikio lake. Uliulizwa swali hukulisikia, ukatingisha kichwa. Hapo hujamkosea Mungu. Aliyekosea ni yule aliyeambiwa ukweli ofisini kwake na akachagua video.

Sasa nawe nikugombeze. Kisiri kwa nini? Umeiba nini? Unataka kuzinduka kutoka kwa dawa ya usingizi, kichwa kimefungwa bandeji, na mumeo anakutafuta Machakos? Mwambie Maundu mchana, nyumbani kwenu, siku na hospitali. Usimwombe. Mwarifu. Fomu ya upasuaji unatia sahihi wewe, mtu mzima mwenye akili zake, na hakuna mstari wa pasta hapo.

Na tabia ya kutingisha kichwa kwa jambo hujalishika iishe leo. Jukwaani imekuletea aibu. Mbele ya daktari wa usingizi anayeuliza kama umekula asubuhi, inaweza kukuua. Sema, “Sijashika, niandikie,” hata mara kumi. Waombe wote waongee nawe kabla hawajavaa barakoa, na mkubaliane ishara za mikono za wakati utakapoamka. Resian aende nawe, na daktari akisema lolote, aliandike.

Bosi mpelekee barua ya daktari. Akikusumbua, ofisi ya leba, ile ya mambo ya kazi, iko Kajiado, na sheria inamlinda mfanyakazi mwenye ulemavu. Kwa kanisa, wape nafasi ya kuondoa video. Wakikataa, simama Jumapili wakati wa ushuhuda. Umepoteza masikio, mdomo bado unao.

Lakini usitoke kwa muujiza wa pasta ukautafute mwingine kwa daktari. Hicho kifaa hakiwashwi siku ya upasuaji, kidonda kitapona kwanza. Kikiwashwa, watu watasikika kama wanaongea ndani ya mkebe, na utalia. Itabidi ujifunze maneno upya, miezi mingi, na ukivua mashine usiku utakuwa kiziwi tena. Uliza maswali haya yote kabla ya Jumatatu. Anayekuahidi kwamba utatoka wodini ukiimba na kwaya, mkimbie.

Na wewe Baba Celine, najua gazeti hili linafika nyumbani kwako. Mkeo ameniambia kwamba mtoto akipiga simu kutoka shuleni, ni wewe unaongea naye, halafu unamwambia mama yake kile umependa kumwambia. Kumsikia mtoto wake ndiko unataka kungoje mwaka mmoja? Ushemasi utapewa tena au hutapewa. Sikio likishakuwa mfupa hakuna kamati ya kanisa italirudisha.

Nilidhani nimemaliza, lakini Jumapili jioni, ikibaki wiki moja afanyiwe upasuaji, Ndulu aliniandikia tena. Video haikuondolewa, kwa hivyo alisimama. Maneno ni yake:

“Resian aliniambia baadaye kwamba walizima maikrofoni nilipofika tu pale pa kusema sikupona. Ningejuaje? Tangu niugue sijui kipimo cha sauti yangu, naongea kama mtu anaita ng'ombe ng'ambo ya mto, na anasema hata wale wa kuuza matunda nje ya lango walinisikia. Pasta akaanzisha wimbo wa kunizima. Huo pia sikuusikia. Nikasema yote niliyokuja kusema, nikaketi, na mama mmoja mzee nyuma yangu akanishika bega. Maundu hatukurudi naye. Alikuja jioni, akasimama mbele yangu, akaniuliza, ‘Hiyo Jumatatu ni saa ngapi?’ Sijui kama anataka kuja au anataka kujua awe mbali saa ngapi. Sijamjibu.”

Mjibu, Ndulu. Mpe saa, mpe na jina la wodi, usimuulize sababu. Akija, mkabidhi begi abebe na umwonyeshe pahali pa kukaa. Asipokuja, usisimame langoni ukimtazamia. Ingia, useme jina lako, na uwaambie umekuja kufanyiwa upasuaji.

Mama Eunice