Santuri Uliyoigeuza Ukutani

Nachingwea, mikorosho ikianza kutoa maua.

Mke wangu mpendwa, Mama Yustina,

Tumsifu Yesu Kristo. Jibu lako sasa hunibidi nilitamke mwenyewe, kwa heshima, kana kwamba umelitamka wewe. Mimi ni mzima, ila magoti. Yustina na wanawe hawajambo. Naomba unisamehe kwa kukuandikia baada ya mwaka na zaidi. Sikukosa karatasi. Nilikosa uso.

Naandika kuhusu ngao zangu, zile ulizoziita "sahani zisizopakuliwa wali." Unakumbuka nilivyozikusanya miaka ya tisini, bendi za zamani zilipokuwa zikisambaratika: santuri zilizochovywa dhahabu, kila moja ndani ya fremu ya kioo, na kibamba cha shaba kikitaja bendi na wimbo uliouzwa sana. Nilizinunua kwa wajane wa wanamuziki na kwa wenye baa. Moja ilinijia kutoka Dar es Salaam ndani ya gunia la mitumba. Zilifika kumi na moja. Wageni walipokuja, niliwatembeza ukutani kama padri kwenye njia ya msalaba.

Hapo ndipo nilipokukosea. Ulikuwa ukisema kwa sauti ya chini, ukiweka chai mezani, "Hata mimi niliimba kwenye santuri nikiwa msichana, Dar es Salaam. Nilikosea ubeti wa pili, nikacheka, wakaitupa." Nami niliwaambia wageni, "Mama Yustina huota hata akiwa macho." Wakacheka. Ukaondoka na sinia lako. Mzaha huo niliurudia miaka kumi.

Ile ngao ya saba, iliyokaa chumbani juu ya kitanda, uliigeuza uso ukutani. Nikaigeuza, ukaigeuza tena. Ulisema, "Hii inanijua." Nilikukaripia, kwamba mtu aliyebatizwa hasemi hivyo. Lakini asubuhi ile ya mwisho uliniomba, "Igeuze, Baba Yustina. Initazame." Nikaigeuza. Hukusema neno jingine.

Wakati wa matanga wanawake walizigeuza zote, kama ifanywavyo vioo katika nyumba yenye msiba. Baada ya arobaini nilipozirudisha, ile ya saba iliachana mikononi mwangu. Mchwa walikuwa wamekula fremu yote, wakaiacha santuri bila alama. Nikaipeleka Ruangwa kwa Fundi Laurenti, mtengeneza redio, yule aliyesimamia ndoa yetu. Aliiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, akasema, "Mwalimu, umetapeliwa. Kibamba kinataja wimbo mrefu wa dansi. Mistari hii iliyochongwa kwenye santuri ni ya wimbo mfupi, usiofika nusu ya huo." Akanieleza jambo ambalo mkusanyaji kama mimi angepaswa kulijua: kiwandani walichovya dhahabu santuri yoyote iliyokuwa karibu, hata zilizokataliwa, maana hakuna aliyetarajia kwamba ingepigwa.

Tukaipiga kwenye gramafoni yake, kwa betri ya gari, saa saba mchana, mlango wazi, watu wakipita na mihogo yao. Kwanza mkwaruzo, kama mtu anayefagia. Kisha gitaa. Kisha sauti ya mwanamke. Laurenti akasema, "Kumbe umemtundika mwanamke mwingine juu ya kitanda cha mkeo!" Katika ubeti wa pili sauti iliteleza, ikacheka. Kicheko chako kile, Rosalia, kinachoanzia puani. Ikasema, "Samahani. Tuanze tena?"

Laurenti alivua kofia. Mimi nilikaa chini, kwenye sakafu ya duka, mbele za watu.

Nimeipiga mara tatu tu. Kila mara sindano huinua vumbi la dhahabu, jembamba kama chavua, na sauti yako husogea mbali kidogo. Mara ya tatu ilinibidi niinamishe sikio ili nisikie "Tuanze tena?" Unisamehe: nilijibu. Na ukimya uliofuata haukuwa ukimya wa santuri iliyokwisha. Ulikuwa wa mtu anayesikiliza.

Fundi alisema imebaki mara moja, kisha sindano itakuwa imekula kila kitu. Jumapili nitawaita wageni wale wale, walio hai. Chai nitawawekea kwa mkono wangu. Nitawaambia kwamba mke wangu alisema kweli, na aliyekuwa akiota ni mimi. Kisha nitawaacha wakusikie. Baada ya hapo naahidi sitaipiga kamwe. Nitaitundika pale pale chumbani, na kibamba kipya chenye jina lako. Ukipenda itazame ukuta, igeuze. Sitairudisha.

Laurenti mwenyewe kifua kimekataa dawa. Nilipokwenda kumjulia hali juzi aliniambia, "Mwalimu, watu hunong'oneza kwenye jeneza salamu zao kwa waliotangulia, nami masikio yangu yameharibiwa na redio. Wewe umesoma misheni. Andika." Amekwisha kumwagiza mkewe aiweke barua hii katika mfuko wa ndani wa koti lake, lile lile alilovaa kwenye harusi yetu. Leo asubuhi wameniletea habari kwamba koti limepigwa pasi.

Basi ni yeye anayekuletea. Mpokee vizuri, mpe maji kwanza. Miguu yake imevimba, na njia hiyo hajawahi kuipita.

Mumeo akuombaye radhi,
Mwalimu Anselmi