Koti la Barabara ya Banalia

Jumatatu, 7 Julai

Mnyororo umepata mafuta. Breki ya nyuma bado inalia. Matairi yamejaa. Hivi ndivyo ninavyofanya kila jioni tangu shule ifunge, na bado sijaenda popote.

Mvua tangu saa nane. Nilisimama dirishani kama mfungwa.

Niliandike jambo lenyewe, nisilizunguke. Papa, baba yangu, yuko Banalia na macho yake yanazidi kufifia. Baiskeli hii ni yake. Miaka mingi aliibebesha mafuta ya mawese mpaka hapa Kisangani. Aliponipa alitaka kitu kimoja tu: siku moja aione ikirudi Banalia, na mimi juu yake.

Mwaka jana nilijaribu. Nilivaa koti la plastiki. Mvua haikuingia, lakini jasho nalo halikutoka. Nilifika Bengamisa, karibu nusu ya njia, nimelowa kwa ndani. Nikalala vile vile. Asubuhi homa, kisha nimonia. Wiki tatu kitandani, na Yaya Mariamu, dada yangu mkubwa ninayeishi naye hapa Kabondo, ndiye aliyenilisha uji.

Sasa Yaya anasema hapana. Kila nikiingia nyumbani ananitia mkono mgongoni, chini ya blauzi, kupima jasho. Nina miaka thelathini na sita. Inaniudhi.

Nataka koti linalozuia mvua na kupumua. Nisipolipata siendi. Na nisipokwenda mwaka huu, papa hataona kitu.

Jumanne, 8 Julai

Maduka matano. Plastiki, plastiki, plastiki. Moja zito la mpira, la watu wa pikipiki. Nilivaa, nikakanyaga hewa kidogo mbele ya muuzaji, kama niko kwenye baiskeli. Dakika mbili tu nikawa naoga jasho.

Faustin, mwalimu mwenzangu tutakayesafiri naye, amelitoboa la kwake kwa msumari moto chini ya kwapa. Anasema sasa linapumua. Linavuja, ndicho linachofanya.

Sina raha. Nimepanga mizigo, nimeipangua.

Alhamisi, 10 Julai

Nimelipata! Tombola bwaka, kwenye marundo ya nguo za mitumba, kwa Mama Bibiche. La kijivu, jepesi. Mishono yote imebandikwa utepe kwa ndani. Zipu chini ya kila kwapa. Nyuma ni refu, linafunika kiuno hata nikiinama kwenye usukani.

Nilibandika mdomo, nikapuliza. Pumzi haikupita. Nikalitupa chini. Nimefika hatua kumi, nikajiita mpumbavu: mvuke si upepo. Nikarudi. Nikaomba kikombe cha chai cha Mama Bibiche, nikakifunika kwa koti, juu yake nikashika kioo chake cha wateja. Kioo kikaingia ukungu. Nikajaribu na plastiki. Kioo kikavu.

"Eh madame," akasema, "uko unachagua koti ao uko unapika chai?"

Watu walicheka. Nilicheka pia. Nimelivaa mpaka nyumbani, na jua lilikuwa kali.

Jumapili, 13 Julai

Lilikuwa linanuka rundo. Nimelifua mara mbili kwa sabuni ya unga, povu mpaka viwikoni. Limeanikwa uani. Safi kabisa. Tunaondoka Jumamosi.

Jumatatu, 14 Julai

Nimelimwagia maji kwenye beseni nijaribu. Juu limeyanywa yote kama taulo. Ndani hayakupita, kweli, lakini limekuwa zito, baridi, limenigandama mikononi. Na kitambaa cha nje kikishiba maji, mvuke wa ndani utatokea wapi? Ni lile lile la plastiki.

Nimeliharibu mimi mwenyewe kwa sabuni. Au lilikuwa bovu tangu mwanzo. Sijui. Nimelirudisha kwenye kamba bila kulikung'uta. Sikula.

Jumanne, 15 Julai

Nimerudi kutoka kwa Faustin, nikamkuta Yaya analipiga pasi. Pasi ya makaa! Koti la nailoni!

Najua desturi ya nyumba hii, ndiyo ya kila nyumba hapa. Nzi hutaga kwenye nguo zilizoanikwa nje, na usipopiga pasi funza huingia mwilini. Hata kaptula za ndani tunazipiga. Lakini koti!

Nilipiga kelele. Yeye akasema tu, "Nguo yenye ilianikwa inje, bila pasi haivaliwe. Unataka funza ikuingie?"

Nikamwambia alifanya makusudi. Nikamwambia anataka nikae hapa mpaka papa apofuke. Nilisema hivyo, kwa maneno hayo. Akaiweka pasi kwenye kibao, akaingia ndani.

Sijaligusa koti. Sitaki kuona lilivyoyeyuka.

Jumatano, 16 Julai

Hatusemezani. Chakula changu kilikuwa mezani, kimefunikwa. Yaya hakuwepo.

Nimezunguka na baiskeli mpaka daraja la Tshopo na kurudi, bila sababu. Nilipoingia, hakuna mkono mgongoni. Nilidhani nitafurahi.

Alhamisi, 17 Julai

Mvua kubwa asubuhi. Nikachukua koti kwa hasira, nikatoka nalo nisimame uani, nione uharibifu wote mara moja.

Maji yalidunda. Matone mviringo, yakabingirika mabegani yakaanguka. Kitambaa hakikunywa hata kidogo. Nilisimama pale mpaka jirani akaniuliza kama ni mgonjwa.

Ndani nikasoma kikaratasi cha maelezo kilichoshonwa kolani. Kuna picha ya pasi yenye nukta moja, na haikukatwa kwa msalaba. Pasi inaruhusiwa, ya moto mdogo. Kumbe ule moto ndio ulioamsha ile dawa ya kitambaa inayofukuza maji, ambayo sabuni iliilaza.

Kisha nikaona ncha ya mkono wa kushoto. Imekunjamana kwa moto, upana wa kidole. Hapo ndipo Yaya alipojaribu kwanza. Kwingine kote ni salama: aliacha makaa yapoe, akaweka juu kitenge chake chenye unyevu, na harufu yake bado iko kwenye koti. Mtu anayetaka kuharibu hajaribu kwanza kwenye ncha.

Nilimfuata jikoni. Nikasema nisamehe, Yaya. Nikamweleza mambo ya matone.

"Miye sikujua mambo ya mvua," akasema. "Niliogopa funza."

Akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni. Baadaye akasema, bila kunitazama, nipeleke chumvi kwa papa, na nisilale na nguo mbichi.

Jumapili, 20 Julai, Banalia

Miguu imekwisha. Mvua ilitushika mara tatu. Kwenye milima nilifungua zipu za kwapa, kwenye tambarare nikazifunga. Faustin amelowa kote, anakohoa, anaapa kwamba ni vumbi. Vumbi, kwenye tope lile!

Papa alikuwa amekaa kando ya barabara. Alisikia kengele kwanza, akasimama. Akasogeza uso mpaka karibu kabisa na usukani, akautazama muda mrefu, akapitisha vidole kwenye kiti chake cha zamani. Mimi hakuniamkia. Alinitia mkono mgongoni, chini ya koti, chini ya blauzi.

Kumbe Yaya alijifunza kwake.

Nilimpigia simu. Hakuuliza barabara wala Faustin. Aliuliza, "Mugongo?"

Papa alichukua simu mkononi mwangu. "Mukavu," akamwambia.

Mvua inanyesha tena. Koti liko kwenye msumari mlangoni, linachuruzika.